Mama Ambaye Wachezaji Hawakumwona

Mtu anayesoma maoni ya wachezaji hachezi gemu lenyewe, wala haandiki neno lake kulihusu. Kanuni hiyo Bi Mizani aliiandika kwa kalamu nyekundu siku yake ya kwanza kazini, akaibandika ukutani juu ya meza, na kwa miaka sita hakuna aliyemwona akiikiuka. Hakupewa na mkubwa yeyote. Aliitunga mwenyewe kwa sababu alijijua. Alikuwa mtu wa kupenda kupita kiasi na kuchukia kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo akishacheza gemu, macho yake huanza kuchagua: maoni yanayokubaliana naye huyasoma polepole, na yale mengine huyapitia kama anayefukuzwa.

Wenzake ndio waliompa jina la Bi Mizani, nusu kwa utani na nusu kwa woga. Walikuwa watano tu katika kampuni hiyo. Walifanya kazi katika vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi pamoja nao kila asubuhi. Mwenye kampuni alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyechora picha zote kwa mkono wake na ambaye hakutaka kusikia habari ya kuitwa bosi; walimwita Mchoraji. Vijana wawili waliandika programu wakiwa wameziba masikio kwa muziki tangu asubuhi hadi jioni, na ukiwauliza swali walikujibu kwa vidole. Aliyetunga hadithi zenyewe alikuwa mdogo wake Bi Mizani, na yeye aliitwa Mtunzi.

Walitengeneza magemu ya mtindo wa Kijapani, yale ya safari ndefu. Mchezaji anaongoza vijana wanne wenye nywele zilizosimama na mapanga marefu kuliko wao wenyewe, anapigana na mazimwi kwa zamu, anasimama kuzungumza na kila mtu njiani, na baada ya saa arobaini au hamsini ndipo anapoufikia mwisho. Gemu kama hilo likitoka, wachezaji hujaa kwenye jukwaa la kampuni mtandaoni kusema walichokiona. Kazi ya Bi Mizani ilikuwa kuyasoma maoni yote, hadi la mwisho, hata matusi. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mafaili hospitalini, na maoni aliyachukulia kama alivyoyachukulia mafaili ya wagonjwa: hakuna la kupotea, hakuna la kurembwa. Aliyagawa mafungu manne, hadithi, mapambano, picha na sauti. Alinakili maneno ya watu kama yalivyo, pamoja na makosa yao, akafunga kurasa kumi na kumpelekea Msambazaji.

Msambazaji alikuwa mzee mkavu aliyeuza magemu ya kampuni ndogondogo katika nchi nyingi, na alisema wazi kwamba hajawahi kucheza hata moja. "Mimi simjui zimwi wala mchawi," alizoea kusema. "Mimi namjua Bi Mizani." Kwa kurasa hizo kumi aliamua gemu lipi lipate sehemu ya pili na lipi liishie hapo lilipo.

Gemu la "Kengele ya Saba" lilimla Mtunzi miaka minne. Vijana wanne wanapita miji saba ambako jua limekoma kuchomoza, na kila mji una kengele inayopaswa kugongwa. Hiyo ilikuwa nusu tu ya hadithi. Nusu iliyobaki ilikuwa kichwani mwake, na katika madaftari sita chini ya kitanda. Gemu lilitoka Jumamosi. Ripoti ilitakiwa mezani kwa Msambazaji Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi.

Hadi Jumatano jioni Bi Mizani alikuwa amesoma maoni mia moja na themanini, na mabega yake yalikuwa yamekaza kama mbao. Watu hawakulichukia gemu. Liliwachosha, na kwa kazi ya namna hii kuchosha ni kubaya zaidi.

"Msitu wa mji wa tatu nimeuzunguka mpaka miti imeanza kunisalimia," aliandika mmoja.

"Mapambano ni mengi hadi mke wangu ameniuliza kama nalipwa," aliandika mwingine.

"Yule kijana wa upinde ana maneno. Zimwi limesimama mdomo wazi, yeye anahutubia. Zimwi limenizidi subira."

"Muziki safi sana. Nimeuacha ukilia nikafua, nikapika, nikaanika. Gemu lenyewe nikalisahau."

Na palikuwa na maoni ya Mkunga. Huyu alikuwa mkunga kweli, mstaafu, aliyeanza kucheza magemu wiki ileile aliyoaga wodi kwa sababu mikono yake haikuzoea kulala mapajani. Maoni yake yalikuwa marefu, na katika miaka yote sita Bi Mizani hakuwahi kumkuta akimwonea mtu. Safari hii aliandika: "Hadithi inatembea vizuri hadi mji wa tano, halafu inakuwa kama mtu aliyechoka mzigo. Mtunzi anajua kuwaumiza watu wake, hajui kuwapenda. Sijaona humu hata mtu mmoja anayemtendea mwenzake jema bila kulitangaza."

Bi Mizani aliisoma sentensi ya mwisho mara tatu. Alijua kwamba si kweli. Alimjua mtu huyo aliyekosekana, hata gauni lake alilijua.

Miezi saba nyuma, nyumbani walikokaa pamoja, mdogo wake alimgeuzia kompyuta juu ya meza ya kulia. "Dada, njoo uone kitu. Usiniletee habari za kanuni, hili si gemu bado, ni picha tu." Zilikuwa picha saba za mama mshonaji, mwenye kibanda katika mji wa kengele ya sita. Mchezaji humrudia kila mara kushonewa joho lililochanika vitani. Mama hushona, hupokea, hasemi mengi. Lakini kila mara mchezaji anaporudi, gauni la bluu la mama limepungua kidogo upindo. Mwanzoni lilifika vifundoni. Mwishoni lilikuwa juu ya magoti. Gemu halisemi kitu. Kitambaa cha kutia viraka kimekwisha mjini, na mama anakata gauni lake mwenyewe.

"Unamjua?" aliuliza mdogo wake.

Alimjua. Wiki ambayo mdogo wake alianza shule, mama yao, aliyekuwa akishonea watu, alimtengenezea kaptura mbili za bluu kutoka katika gauni lake la kutokea. Alilivaa hivyohivyo lilivyobaki, na majirani wakasema mama wa watoto wawili ameanza kujirudisha usichana. Alicheka nao. Hakumweleza mtu hadi alipokufa. Bi Mizani aliyajua kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mkasi upande wa pili.

"Nimeweka bila maelezo," mdogo wake alisema. "Atakayeona ataona."

Sasa watu mia moja na themanini walikuwa wamepita kwenye kibanda kile, na hakuna aliyeona. Bi Mizani alitafuta neno "gauni" katika maoni yote. Halikuwepo. Alitafuta "mshonaji", akapata mawili. Mmoja alilalamika kwamba joho linashonwa kwa bei ya kumwuza mtu, na mwingine alisema mama huyo ana uso wa kupendeza lakini maneno hana. Hasira ilimpanda. Haikuwa hasira ya mfanyakazi. Ilikuwa ya mtoto wa watu, aliyemwona mama yake akipitwa njiani na umati bila salamu.

Nyumbani jioni hiyo mdogo wake alisukuma sahani bila kuigusa. Kwa amri ya dada yake hakuruhusiwa kusoma maoni hadi ripoti ipelekwe.

"Hali ikoje, Dada?"

"Unajua siwezi kukwambia."

"Uso wako umeshaniambia." Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Msambazaji akikataa narudi kuandika maelekezo ya pasi. 'Usitumbukize pasi katika maji.' Ndiyo kazi yangu pekee ambayo haijawahi kukosolewa."

"Kula."

"Miaka minne, Dada. Yale madaftari chini ya kitanda nitayafanyia nini?"

Bi Mizani alimsogezea sahani tena.

Alhamisi mchana wenzake waliteremka kwenda kula. Maoni yalikuwa yamefika mia mbili na kumi. Bi Mizani alibaki mezani, kanuni yake ikimtazama kutoka ukutani, na kwa dakika kadhaa alijieleza mambo ambayo kila mkosaji hujieleza: kwamba hasemi uongo, kwamba anawaonyesha tu kilichopo, kwamba mtu yeyote mwenye macho angeweza kuyaandika hayo. Kisha alijisajili kwenye jukwaa kwa jina la Mpitanjia, akaandika.

"Ndugu zangu, mnapita haraka. Mtazameni mama mshonaji wa mji wa sita. Kila mkirudi kushonewa joho, gauni lake limefupika. Anajikata yeye ili kumfunika mtoto asiye wake, na hasemi neno. Mimi nilipoliona hilo niliweka kidude chini, nikakaa kimya. Hadithi yote iko pale. Rudini mkatazame."

Ilimchukua dakika kumi na moja. Alibonyeza, maneno yakaenda, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mabega yakalegea. Huo ulikuwa uongo. Mapenzi yaliyokuwa ndani yake yalikuwa ya kweli, lakini mchezaji anayeitwa Mpitanjia hakuwepo duniani, na watu walimsadiki kwa kuwa walidhani yupo.

Uongo mmoja ungeweza kuishia hapo. Ijumaa saa mbili asubuhi alipokuwa akifunga ripoti, aliyakuta maoni ya Mpitanjia katika orodha, namba mia mbili na kumi na moja, na watu sitini wameyawekea alama ya kuyapenda. Akiyaacha, hesabu ya maoni haitalingana na ya jukwaa. Akiyatia, atakuwa amemletea Msambazaji sauti yake mwenyewe katika vazi la mtu mwingine. Alikaa nusu saa nzima, mkono ukiwa juu ya karatasi. Kisha akayanakili katika ukurasa wa tatu, chini ya fungu la hadithi, kama yalivyo, neno kwa neno. Saa nne kasoro dakika tano ripoti ilikuwa imeondoka.

Saa sita mchana simu ililia. Mchoraji aliiweka hadharani wote wasikie.

"Nimesoma," ilisema sauti kavu ya Msambazaji. "Wengi wamechoka, nimeona. Ningewaambia poleni na kazi. Lakini ukurasa wa tatu yupo mpitanjia mmoja, na watu sitini nyuma yake. Hadithi inayomkalisha mtu kimya ina sehemu ya pili. Njooni Jumanne na kalamu."

Mchoraji alicheza akiwa kitini hadi kiti kikalia. Vijana wa programu walitoa vitu masikioni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka uanze. Mtunzi alikwenda kusimama dirishani, akawapa mgongo, na mgongo ulikuwa ukitikisika. Bi Mizani alitabasamu kwa midomo tu.

Saa tisa alasiri Mkunga aliuliza swali.

"Mwenzangu Mpitanjia, nimerudi kwa mama mshonaji kama ulivyotuagiza. Nimemwendea mara nane. Gauni naliona lilelile. Huenda macho yangu yamezeeka. Nisaidie, ulifanya nini hadi likafupika?"

Bi Mizani alilisoma swali hilo mara mbili. Lakini hakuelewa bado. Alidhani Mkunga hajatazama vizuri, au pana masharti fulani ambayo mdogo wake aliyaweka. Angeweza kulifungua gemu akaangalia. Kanuni ilimkataza, na ajabu ya moyo wa mtu ni hiyo: aliyekwisha kuvunja nusu ya kanuni yake aliishikilia nusu iliyobaki kwa mikono miwili, kana kwamba ingemsafisha. Hakucheza. Mpitanjia hakujibu.

Jumamosi asubuhi walikuwa watu arobaini wakimtafuta mama. Mmoja alisema huenda gauni hufupika kama hujauza pete ya babu. Mwingine akasema hapana, ni lazima kijana wa upinde asiwe kwenye kundi, "maana huyo akiwepo hata nguo hazipati nafasi ya kufanya jambo." Wengine walianza gemu upya, saa thelathini za safari, ili waufikie mji wa sita kwa njia nyingine. Mkunga alipiga picha ya skrini kila alipokwenda, akazipanga. "Mara ishirini na sita," aliandika Jumamosi jioni. "Nimepima kwa rula ya mjukuu wangu. Sentimita nne na nusu, kila mara." Jumapili mchana: "Mara hamsini. Sijakata tamaa. Mtu hawezi kubuni jambo kama hilo bila kuliona."

Bi Mizani aliyasoma yote nyumbani, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, simu ikiwaka mkononi. Kila mara kidole kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Akiyafuta, watajua. Asipoyafuta, wataendelea kutafuta. Chumba cha pili mdogo wake alikuwa ameyatoa madaftari yote sita na kuyatandaza sakafuni, akipiga mluzi.

Jumatatu asubuhi mchezaji mmoja aliyejiita Kidole Chuma alimaliza utafutaji huo kwa mstari mmoja: "Jisajili Alhamisi, sifia Alhamisi, potea Alhamisi. Huyu ni mtunzi wa gemu anajipigia makofi, na sisi tumekaa wikendi nzima tukimpimia mama wa watu gauni." Hadi saa tatu waliomuunga mkono walikuwa mia mbili. Maneno ya tapeli, mwongo na mwizi wa muda yalikuwa yakishuka kama mvua ya mawe.

Mchoraji aliingia na simu mkononi, hata mkoba hakuutua.

"Nani kaandika hili?"

Mchoraji aliwageuzia wote skrini.

"Nauliza kwa sababu zile picha saba za mshonaji sikuzimaliza. Wiki tatu kabla ya kutoa gemu niliziondoa sita, nikaacha moja. Kwenye gemu lililoko sokoni gauni halifupiki, halirefuki, halifanyi lolote. Walioziona zile picha ni mimi na aliyezitunga." Alimgeukia Mtunzi. "Na mimi sijaandika."

Hapo ndipo Bi Mizani alipoelewa. Watu mia mbili na kumi hawakumpita mama yake. Hakuwepo. Walikuwa wamesoma vizuri, wote, na Mkunga kuliko wote. Yeye ndiye aliyewakasirikia kwa kutokiona kitu ambacho hakikuwepo. Angelicheza gemu angejua. Asingeliandika asingeumbuka.

Alifungua mdomo. Mdogo wake alimwangalia mara moja tu, kisha akasema, "Ni mimi."

"Wewe." Mchoraji aliutua mkoba sasa. "Mwanamume mzima na ndevu zako. Unakaa unajiandikia 'niliweka kidude chini nikakaa kimya'. Ungekaa kimya kweli, tungekushukuru."

"Nisamehe."

"Kamwombe msamaha yule bibi mwenye rula."

Bi Mizani alimvuta mdogo wake hadi chini, dukani, nyuma ya mlundiko wa magodoro ya sita kwa sita ambako wauzaji hawafiki.

"Kwa nini hukuniambia zimeondolewa?"

"Niliona aibu. Nilikuahidi atakuwemo." Alikuwa akibonyeza sponji kwa kidole, ikibonyea na kujaa tena. "Nilijua hutacheza. Nikasema sehemu ya pili nitamrudisha, na wewe hutajua aliwahi kutolewa."

"Nitakwenda juu sasa hivi nimwambie ni mimi."

"Usiende."

"Unaitwa mwizi na watu mia mbili."

"Nitachekwa wiki mbili, watapata mwingine wa kumcheka. Dada, nisikilize. Mtunzi akijisifu ni upuuzi. Msomaji wa maoni akijiandikia maoni, ripoti imekufa. Msambazaji hatakuwa na cha kushika. Kesho atatia saini. Wewe nyamaza tu. Kitu kimoja nakuomba tangu nizaliwe."

"Si kweli, umeniomba vingi."

"Basi hiki cha mwisho." Hakucheka. "Umenilea, sawa. Sasa niachie hili nilibebe mimi."

Hakumwahidi. Mdogo wake alichukulia kwamba amemwahidi.

Ofisi ya Msambazaji ilikuwa na baridi ya kutengenezwa na meza isiyo na kitu juu yake ila mkataba, kalamu na majalada ya kijani. Bi Mizani aliyatambua majalada hayo. Zilikuwa ripoti zake za miaka sita, zimefungwa vizuri, migongo imeandikwa tarehe. Hakuwahi kujua kwamba mzee anazihifadhi.

"Nimesikia kelele za mtandaoni," Msambazaji alisema walipokwisha kukaa. Mchoraji alianza kujitetea, mzee akainua kiganja. "Mama, mtunzi kujisifu si habari kwangu. Nimewajua watunzi thelathini na wote wana kioo mfukoni. Huyu amekamatwa tu nacho mkononi. Nitatoa hayo maoni ya mpitanjia, nitabaki na sitini walioguswa. Wao ni watu kweli." Alisukuma mkataba kidogo kuelekea kwa Mtunzi, akauzuia kwa kidole kimoja. "Nauliza kama ninavyouliza siku zote. Bi Mizani, kurasa ni safi?"

Alikuwa amelisikia swali hilo mara nyingi, na siku zote alijibu "safi" kama mtu anayejibu salamu. Chini ya meza goti la mdogo wake liligusa lake, likabana. Kalamu ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka mkononi mwa Mtunzi. Kimya kingetosha. Hata neno halikuhitajika, kichwa kikiinamishwa tu mambo yameisha, na madaftari sita yasingerudi chini ya kitanda.

"Si safi," Bi Mizani alisema. "Mpitanjia ni mimi."

Goti liliondoka.

Msambazaji hakubadilika uso. "Nimesikia mdogo wako alisema ni yeye."

"Alisema hivyo ili ripoti isife. Mimi niliandika Alhamisi mchana, na Ijumaa nikanakili kwenye ukurasa wa tatu nikijua ni yangu."

"Katika hizi," mzee aliweka mkono juu ya majalada ya kijani, "za kwako ni ngapi?"

"Hakuna hata moja. Ni hiyo tu."

"Nitajuaje?"

Alitafuta jibu. Alikuwa na tarehe, alikuwa na hesabu, alikuwa na kanuni kwa wino mwekundu ukutani. Hakuna hata kimoja kilichokuwa jibu.

"Huwezi kujua," alisema.

Msambazaji aliyasogeza majalada pembeni. Kisha akauvuta mkataba, akautia kwenye droo taratibu, bila kuugonga. "Nakuamini kwamba ni hiyo tu," alisema. "Lakini wenzangu ninaowapelekea kurasa hizi hawakujui wewe, wananijua mimi. Siwezi tena kuwaambia ninachoamini. Samahani, Mama Mchoraji."

Walishuka ngazi. Mchoraji alitangulia, akihema. Mtunzi alimngoja dada yake kwenye mlango wa nje, na jua la mchana lilimpiga usoni hadi akafumba jicho moja.

"Nilikuomba," alisema.

"Ulikuwa unaitwa mwizi kwa kosa langu."

"Jina lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshalitoa. Wewe umekwenda kujisafisha, na maji uliyojisafishia ni mimi." Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayesoma maelekezo ya pasi. "Uliandika bila kuniuliza. Ukaungama bila kuniuliza."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa haki. Lakini ukweli haungojei ruhusa ya anayefaidika na uongo, hata akiwa mtoto uliyemlea, na Bi Mizani hakuwahi, siku ile wala baadaye, kusema kwamba alikosea kujibu alivyojibu. Alikosea Alhamisi.

Jioni hiyo, kabla ya kukusanya vitu vyake mezani na kuiacha kazi, aliandika kwenye jukwaa kwa mara ya pili na ya mwisho. Alisema yeye ni nani, kazi yake ni ipi, na kwamba gauni linalofupika halimo katika gemu hilo. Alisema mtunzi hakuandika neno. Alimwomba radhi kila mmoja aliyerudi kutazama. Matusi yalikuja mengi, naye akayasoma yote hadi la mwisho, kwa mazoea.

Mkunga alijibu asubuhi. "Nimekwenda mara sitini na tatu, mwanangu. Nisingekwenda kama maneno yako yangekuwa yameandikwa vibaya. Huyo mama yupo mahali fulani, hilo nalijua, nimewashika mkono wengi wa namna yake. Lakini mimi mlininyima nafasi ya kukuta gemu lilivyo. Sitasoma tena maoni ya mtu kwenye jukwaa hili, maana sitajua nani ni nani."

Bi Mizani alibandua karatasi ya kanuni ukutani, na gundi ikaondoka na rangi.

Sehemu ya pili ya "Kengele ya Saba" haikutengenezwa. Mchoraji aliwapunguza vijana wa programu mmoja, kisha wa pili. Mtunzi alihama nyumba mwezi uliofuata. Anaandika maelekezo ya majiko na pasi, na huja kumsalimu dada yake sikukuu kwa sikukuu, anakaa nusu saa. Madaftari sita aliyaacha chini ya kitanda. Bi Mizani amerudi hospitalini kwenye mafaili, ambako hakuna anayemwita kwa jina hilo. Sentensi zile za Alhamisi zilimgharimu neno "safi", ambalo kwa miaka sita lilitosha akilisema yeye, na sasa halitoshi kwa mtu yeyote.